Mwani Ugenini: Agari, Samaki wa Chumvi na Bakteria wa Chakula katika Arua na Koboko

Kutoka Arua hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 1,000, na Koboko, penye mpaka wa Uganda, Kongo na Sudan Kusini, iko mbali zaidi. Kwa hiyo utafiti wa viziduo vya mwani, yaani dutu zinazotolewa kwa kuloweka mwani katika maji au alkoholi, dhidi ya bakteria wa chakula unaweza kudhaniwa kuwa shughuli ya watu wa pwani. Makala haya yanadai vinginevyo. Mwani umeshaingia bara, ila kwa kazi nyingine, na historia ya kazi hiyo inatulazimisha kuuliza ni chakula cha nani kinachopimwa.

Mnamo 1881 Fanny Angelina Hesse, mke na msaidizi wa daktari Walther Hesse wa Ujerumani, alipendekeza kwamba bakteria waoteshwe juu ya agari, zao la mwani mwekundu alilolifahamu kwa kugandishia jeli jikoni. Robert Koch aliitaja agari mwaka uliofuata katika taarifa yake ya kifua kikuu. Jina la mama huyo halikutajwa. Sababu ya kuacha jelatini ilikuwa joto. Jelatini huyeyuka kabla ya kufikia nyuzi 30, ilhali bakteria wengi wanaomdhuru binadamu huoteshwa kwenye nyuzi 37. Agari iliyokwisha kuganda hustahimili hadi karibu nyuzi 85. Tangu hapo maabara zinazootesha vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo au tauni, ugonjwa ambao Arua ina maabara yake chini ya Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, zimetegemea zao hilo la bahari. Hata viziduo vyenyewe hupimwa hivyo: kiduara cha karatasi kilicholoweshwa kiziduo huwekwa juu ya agari iliyopandwa bakteria, kisha hupimwa upana wa eneo waliposhindwa kuota. Mwani hupimwa juu ya mwani.

Vipimo hivyo vimefuata soko. Mwaka 1997 Hispania na Italia zilizuia sangara wa Ziwa Victoria kwa sababu ya Salmonella. Desemba ya mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wabichi wa Uganda, Kenya, Tanzania na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu, ingawa Shirika la Afya Duniani halikuafiki mzuio wa namna hiyo. Mwaka 1999 ukafuata mzuio mwingine, safari hii kwa hofu ya sumu za kuulia wadudu. Uganda ilijibu kwa kurekebisha ukaguzi, viwanda na mialo. Kazi ilikuwa kubwa na ya kusifiwa, lakini ilimlenga mlaji wa Ulaya.

Samaki wa West Nile walielekea kwingine. Angara na ngasia wa Ziwa Albert hutiwa chumvi na kuanikwa juani kwenye mialo kama Panyimur, kisha hupanda hadi masoko ya Arua. Kutoka hapo njia moja inavuka Vurra kuingia Kongo, nyingine inapita Koboko hadi Oraba na Sudan Kusini. Biashara hii haikuwa na mnunuzi wa ng'ambo awezaye kuisimamisha kwa waraka mmoja. Katika eneo lililopokea wakimbizi kwa awamu nyingi, Rhino Camp, Imvepi na Lobule, samaki mkavu ana thamani ya pekee: hudumu bila barafu.

Chumvi inastahili heshima kuliko inayopewa na watetezi wa mbinu mpya. Hupunguza maji ambayo bakteria wanayahitaji, na wengi wao hushindwa kuota. Staphylococcus aureus, hata hivyo, huivumilia. Huishi puani na mikononi mwa watu, huingia samaki anaposhikwa, na akipata unyevu na joto hutoa sumu isiyoharibiwa na kuchemshwa. Mama anayechemsha mchuzi kwa saa nzima anaweza kuua bakteria wote na bado akawapa wanawe sumu.

Hapa ndipo viziduo vya mwani vinapopata hoja yao. Katika majaribio mengi ya maabara vimewazuia bakteria wa Gramu chanya, kundi la Staphylococcus, kuliko wa Gramu hasi kama Salmonella, ambao wana utando wa nje unaowakinga. Kwa maneno mengine, huelekea kuwa na nguvu pale chumvi inapolegea. Lakini duara pana kwenye agari si ushahidi kuhusu samaki: mafuta na protini huweza kuifunga dutu, na dutu isiyosambaa vizuri katika agari huonekana dhaifu hata kama si dhaifu.

Malighafi ipo. Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliutafiti mwani wa Tanzania tangu miaka ya 1970, na kilimo cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, kwa sehemu kubwa mikononi mwa wanawake. Mwani huo hutoa karagini, si agari, na huuzwa nje ukiwa mkavu kwa bei ndogo. Chuo Kikuu cha Muni, kilichofunguliwa Arua mwaka 2013, kingeweza kuanza na jaribio la gharama nafuu: angara wa sokoni Arua na Koboko, nusu kwa chumvi peke yake, nusu kwa chumvi na kiziduo cha maji, wakihesabiwa Staphylococcus kila wiki katika joto la kibandani. Alkoholi isitumike, kwa kuwa gharama yake haitabebwa na mchuuzi wa Panyimur.