Pareto, Ua Lipendalo Baridi

Sisi wakaaji wa Kimemi twaujua ubaridi wa asubuhi. Mji wetu wa Butembo u karibu na mstari wa Ikweta, lakini umekaa juu milimani, yapata meta 1,700 juu ya bahari. Ukishika njia ya Lubero nchi yazidi kupanda, na baridi nayo yazidi. Watu wa mabondeni wakija kwetu hulalamika. Lakini liko ua moja ambalo pasipo baridi halimfai mkulima kitu. Jina lake ni pareto. Kwa Kifaransa huitwa pyrèthre. Leo twataka kusimulia habari zake, kwa kuwa mna fundisho ndani yake kwa kila mkulima wa milimani.

Pareto ni ua jeupe lenye moyo wa manjano. Mashina yake ni membamba, husimama hata kupita magoti ya mtu, na majani yake yana rangi ya kijivu kana kwamba yamenyunyiziwa majivu. Halipandwi kila mwaka kama maharagwe. Likiisha kushika ardhi, huchanua miaka mitatu au zaidi; kisha mkulima hung'oa kichaka kilichochoka, hukigawanya, na kuvipanda vipande upya. Likipandwa mahali pa joto hutoa majani mengi na maua machache sana, kwa maana lahitaji majuma kadhaa ya baridi kabla ya kufanya vitumba. Nguvu yake imo hasa katika vijimbegu vilivyomo moyoni mwa ua. Mdudu akiguswa na dawa hiyo hupooza, huanguka, hufa.

Asili ya ua hili ni Dalmatia, pwani ya Bahari ya Adriatiki, katika nchi iitwayo leo Kroatia. Husimuliwa kwamba mwanamke mmoja wa huko alitupa pembeni maua yaliyonyauka, na baada ya siku akakuta wadudu wamekufa kandokando yake. Kama hadithi ni kweli au sivyo, watu wa Dalmatia walisaga maua hayo na kuuza unga wake katika nchi nyingi. Mnamo miaka ya 1880 mbegu zilifika Ujapani. Huko Bwana Ueyama Eiichirō alitengeneza, mwaka 1890, vijiti vya kuwasha usiku ili moshi wake ufukuze mbu. Vita vya 1914 vilipoikatia Dalmatia njia za biashara, Ujapani ikashika nafasi ya kwanza.

Nasi Afrika tukafikiwa. Mwaka 1928 mbegu zilipandwa Kenya, upande wa Nakuru. Katika miaka ya 1930 walowezi wakalilima pia juu ya milima ya Kivu, na Rwanda vilevile. Ardhi ya juu, iliyo baridi mno kwa kahawa na migomba, sasa ilikuwa na zao la kuuzwa ng'ambo. Mwezi wa Desemba 1941 Ujapani iliingia vitani, na majeshi ya Uingereza na Marekani hayakuweza tena kununua kwake. Basi maua ya Afrika yakatafutwa sana, ili kuwakinga askari na mbu wa malaria pamoja na chawa waletao homa ya tifasi.

Je, mkulima alitajirika kwa muda mrefu? Hapana. Mwaka 1939 Bwana Paul Müller wa Uswisi alikuwa amevumbua kwamba DDT huua wadudu. Baada ya vita dawa hiyo ilienea kila mahali, nayo ilikuwa rahisi kuliko pareto. Lakini wadudu wakaanza kuizoea. Mwaka 1962 Bibi Rachel Carson wa Marekani alitoa kitabu kilichoonyesha madhara yake kwa ndege na samaki, na watu wakaikumbuka tena pareto. Haujapita muda mrefu, mwaka 1973 wataalamu wa Uingereza wakatangaza permetrini, dawa iliyoundwa kwa kuiga nguvu ya ua lile lakini isiyoharibiwa upesi na jua. Vyandarua vingi vya mbu vimetiwa dawa za ukoo huo. Hivyo mwanafunzi wa ua akamnyang'anya mwalimu wake soko.

Tazameni pia majirani zetu. Rwanda, karibu na mwaka 1969, hekta zipatazo 10,000 zilikatwa katika msitu wa hifadhi ya volkano. Jamaa waliopewa mashamba huko walitakiwa kupanda pareto katika sehemu ya ardhi yao. Kenya ilikuwa ya kwanza duniani kwa miaka mingi. Lakini kuanzia mwanzo wa miaka ya 2000 malipo ya wakulima yalichelewa mno, na wengi waling'oa maua wakapanda viazi na mahindi. Kisiwa cha Tasmania, huko Australia, kikatwaa nafasi yake.

Twasemaje basi? Ua hili lapendwa na baridi yetu, lakini bei yake hukatwa mbali. Kazi yake nayo si ndogo: huchumwa kwa mkono, moja moja, kila baada ya majuma mawili au matatu, na kilo nne za maua mabichi hutoa kilo moja tu iliyokauka. Nalo halipikwi. Anayetaka kulipanda na aulize kwanza: Nani atanunua? Atalipa lini? Nitakausha wapi nyakati za mvua? Wala asitoe shamba lote. Sehemu ya viazi na maharagwe ibaki, ili watoto wasilale njaa wakingojea malipo.

Hata asiye na soko aweza kupanda vichaka vichache mlimani, akakausha maua, akayatwanga, na kunyunyiza unga katika nyufa za kitanda chenye kunguni. Ajihadhari tu asiuvute puani, asiutie penye nyuki, wala asioshe chombo chake katika mto Kimemi. Maana dawa hiyo iuayo kunguni huwaua samaki pia.