Kutoka Ngomeni hadi Sumaku ya Nyota

Mwaka 1896, mjini Leiden, Uholanzi, Pieter Zeeman aliweka mwali wenye sodiamu kati ya ncha za sumaku kali, akaona mistari ya manjano ya nuru yake ikitanuka. Elektroni hutoa nuru inaposhuka kutoka kiwango kimoja cha nishati hadi kingine, na sumaku hukigawa kiwango kimoja kuwa kadhaa. Hivyo mstari mmoja huwa mitatu au zaidi. Sumaku ikizidi nguvu, mistari huzidi kuachana. Kwa kipimo hicho, mwaka 1908, George Ellery Hale alithibitisha kwamba madoa ya jua yana sumaku.

Kwa baadhi ya nyota za mbali, njia ya kujua sumaku yao ilipitia eksirei, na ilianzia pwani yetu ya Kenya. Eksirei za angani humezwa na hewa kabla ya kufika ardhini, na roketi za awali zilidumu juu ya hewa hiyo dakika chache tu. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Huku karibu na ikweta mzunguko wa dunia huisaidia roketi zaidi, na njia ya juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya chembe zinazovuruga vipimo. Kenya ilikuwa ikitimiza miaka 7 ya uhuru, na setilaiti ikaitwa Uhuru. Jina hilo lingali katika vitabu vya astronomia.

Mwaka 1972, kwa vipimo vya Uhuru, kikundi cha Riccardo Giacconi kilieleza chanzo kiitwacho Hercules X-1: eksirei zake hupiga kila sekunde 1.24, na kila siku 1.7 hufichwa na nyota mwenza. Maelezo yaliyokubalika ni kwamba nyota ya nyutroni humnyang'anya mwenzake gesi, na sumaku yake huielekeza gesi hiyo kwenye ncha zake. Nguvu ya sumaku hiyo, hata hivyo, ilikuwa bado ya kukisiwa.

Mwaka 1976 Joachim Trümper na wenzake kutoka Ujerumani walirusha puto huko Texas, wakakuta alama katika eksirei za nyota hiyo. Hapo elektroni haihitaji hata kufungwa ndani ya atomu: sumaku ni kali kiasi kwamba mzunguko wa elektroni wenyewe hugawanyika katika viwango. Wengine waliisoma alama hiyo kuwa mstari wa nuru iliyotolewa, karibu na nishati ya kiloelektronivolti 58. Wengine, pengo la nuru iliyomezwa, karibu na 40. Vipimo vya baadaye vilithibitisha pengo, nalo lilimaanisha sumaku ya gausi trilioni kadhaa, ilhali ile ya dunia haifiki gausi moja.