Njia Panda ya Nanganga

Anayetoka Lindi kwenda Masasi hupita Nanganga. Hapo ndipo zinapoanzia njia za kwenda Ruangwa na Nachingwea. Majuzi nilishuka hapo kungoja gari la Nachingwea, gari nalo likakawia. Nilipokuwa nimekaa, nikamkumbuka marehemu mjomba wangu, aliyekuwa kibarua wa reli ya Kusini.

Vijana wengi hawaamini kwamba huku kuliwahi kuwa na reli. Ilikuwapo. Waingereza waliijenga baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea. Mradi ukafa mwaka 1951. Reli nayo ikafungwa mwaka 1962, vyuma vikang'olewa. Mjomba akarudi kwenye jembe. Lakini mpaka anakufa alikuwa na majina mawili mdomoni: Rashidi Kawawa na Kasanga Tumbo. Ukimsema vibaya mmoja wao mbele yake, umejitafutia ugomvi.

Wote wawili walikuwa viongozi wa wafanyakazi. Kawawa, mwana wa Songea, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1955 lilipoundwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, yeye ndiye alikuwa Katibu Mkuu. Mtumishi wa serikali siku zile alikatazwa kujiunga na TANU. Kawawa akaacha mshahara, akachagua vyama vya wafanyakazi na siasa. Tumbo alikuwa Katibu Mkuu wa chama cha wafanyakazi wa reli, TRAU. Mwaka 1960 aliongoza mgomo wa siku 82. Fikiria, msikilizaji: siku 82 bila mshahara, na watoto nyumbani wanataka kula.

Uhuru ukaja Desemba 1961. Januari 1962 Mwalimu Nyerere akajiuzulu Uwaziri Mkuu ili akakijenge chama, na kiti kikashikwa na Kawawa. Makabwela wakashangilia: mwenzetu sasa ndiye Waziri Mkuu! Waziri wa Kazi naye alikuwa Michael Kamaliza, aliyewahi kuwa Rais wa TFL. Mwaka huo huo, chini ya serikali hiyo, ilipitishwa sheria ya migogoro ya kazi. Mgogoro ukalazimika kupelekwa kwenye usuluhishi, na kugoma kihalali kukawa kugumu kama kupanda mnazi kwa mkono mmoja.

Hoja ya serikali haikuwa ya kipuuzi. Ilisema kwamba wenye kulipwa mshahara ni wachache, na wakulima ndio wengi. Nchi maskini haiwezi kusimama kila kundi la mjini linapotaka nyongeza. Serikali sasa ni yetu wenyewe, basi tunamgomea nani? Mtu wa Nachingwea, mwenye jembe na mikorosho yake, angeweza kuikubali hoja hiyo.

Tumbo hakuikubali. Alipelekwa London kuwa Balozi, akajiuzulu mwaka huo huo wa 1962, akaanzisha chama cha upinzani. Januari 1964 askari walipoasi, viongozi wengi wa wafanyakazi walikamatwa. Tumbo, aliyekuwa amehamia Kenya, akarudishwa na kuwekwa kizuizini. TFL ikavunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja tu, kilichofungamana na TANU. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais, naye alikuwa Kamaliza huyo huyo, Waziri wa Kazi. Refa akawa pia nahodha wa timu!

Wapo wanaosema Kawawa aliwasaliti wafanyakazi. Mimi sikubaliani nao. Yeye aliamini kwamba siasa ya ujamaa ndiyo itakayomkomboa mfanyakazi pamoja na mkulima, na aliitumikia mpaka uzeeni. Alifariki Desemba 31, 2009. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kudhani kwamba ndugu yako akiingia Ikulu, wewe huhitaji tena mdomo wako.

Ushahidi ulikuja baada ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971. Ibara yake ya 15 ilikataza viongozi kuwa na majivuno na kuwanyanyasa watu. Wafanyakazi waliisoma, wakaishika, wakagoma kiwanda baada ya kiwanda. Mwaka 1973, kwenye kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wafanyakazi walimtoa mwenye kiwanda wakakiendesha wenyewe. Hawa hawakuwa wapinga ujamaa. Walitaka ujamaa ule waliohubiriwa. Lakini NUTA haikuwa mbele yao, kwa sababu mbele yake yenyewe ilikuwapo serikali.

Mjomba aliwapenda wote wawili, na sasa namwelewa. Kawawa alimwonyesha kwamba mtoto wa kabwela anaweza kutawala. Tumbo alimwonyesha kwamba hata mtoto wa kabwela akitawala, lazima abaki mtu wa kumwambia hapana.

Gari lilikuja jioni. Konda alikuwa kijana mdogo, kazini tangu alfajiri. Nikamuuliza kama ana mkataba wa kazi, au chama cha kumtetea. Akacheka, akaniambia: "Mzee, panda tuondoke."

Nikapanda. Lakini kicheko kile, wasikilizaji, hakikunifurahisha.