Nafasi Finyu na Nakala Rudufu: Historia ya Kuhifadhi Maandishi katika Kompyuta ya Nyumbani

Utangulizi

Tangu mwanadamu aanze kuandika, amekabiliwa na mambo mawili yanayovutana: uhaba wa mahali pa kuwekea maandishi, na hofu ya kuyapoteza. Mwenye hofu hutaka nakala nyingi. Asiye na nafasi hulazimika kupunguza. Mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, yasingewafikia wasomaji wa leo lau Mwalimu Sikujua asingeyakusanya na kumpa W. E. Taylor, na lau maandishi ya Taylor yasingefika London, ambako W. Hichens aliyapata na kuyachapisha mwaka 1940. Kilichoyaokoa mashairi hayo si uimara wa karatasi, bali ni kuwako kwa nakala mahali pengine.

Makala haya yanachunguza mvutano huo huo katika chombo kipya, yaani kompyuta ya nyumbani, kuanzia mwaka 1977. Hoja inayotetewa ni kwamba nafasi na usalama ni mambo yanayopingana kwa asili yao. Kila hila ya kuokoa nafasi hupunguza urudufu, na urudufu ndio ulinzi wa maandishi. Wanaisimu wana sababu ya pekee ya kulizingatia jambo hili, kwa kuwa lugha yenyewe imejengwa juu ya urudufu.

Kanda na diski laini

Diski ya kwanza ya kompyuta kuuzwa, ile ya IBM ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, ikabeba herufi milioni 5, na uzito wake ulikaribia tani moja. Chombo cha namna hiyo hakikuwa cha nyumbani. Kwa hiyo kompyuta za kwanza zilizonunuliwa na watu wa kawaida mwaka 1977, yaani Apple II, Commodore PET na TRS-80, zilihifadhi kazi zake katika kanda za kaseti, zile zile zilizotumika kwa muziki. Kanda ilikuwa rahisi kwa bei, lakini ilisomwa kutoka mwanzo kwenda mwisho, na aliyetaka kitu cha katikati ilimbidi kuingoja ifike.

Mwaka 1978 Apple ilitoa kiendeshi cha diski laini ambacho kila diski yake ilichukua kilobaiti 113 hivi. Kilobaiti moja ni takriban herufi 1,000, kwa maana baiti moja hutosha herufi moja ya maandishi ya Kilatini. Kwa upande huu Kiswahili kilikuwa na bahati: hakina alama za juu wala za chini ya herufi, na hata ng' huandikwa kwa ritifaa iliyomo katika kila mashine. Lugha nyingi za Afrika zenye alama za toni hazikuipata nafuu hiyo.

Uhaba ulizaa ubunifu. Wenye kompyuta waligundua kwamba diski iliyouzwa kwa matumizi ya upande mmoja ingeweza kukatwa pengo dogo ukingoni, ikageuzwa, na kutumika upande wa pili. Nafasi iliongezeka maradufu, lakini upande huo haukuwa umehakikishwa na mtengenezaji. Hapo tayari kanuni ya makala haya ilikwisha kujidhihirisha: nafasi ilinunuliwa kwa usalama.

Kompyuta ya IBM ilipotokea mwaka 1981, diski yake ilichukua kilobaiti 160, na kufikia mwaka 1983 kilobaiti 360. Ukurasa uliopigwa chapa ukihesabiwa kuwa na herufi 2,000, diski hiyo ilitosha kurasa 180 hivi, yaani tasnifu ndogo. Hata majina ya faili yalibanwa: herufi 8, kisha nukta, kisha herufi 3. MASHAIRI yalienea barabara. KISWAHILI na TAMTHILIA, kwa kuwa na herufi 9 kila moja, yalikatwa mkia. Mtafiti alilazimika kubuni vifupisho, na baada ya mwaka mmoja yeye mwenyewe hakukumbuka vilimaanisha nini. Maandishi yalikuwapo, lakini hayakupatikana, na kwa mwenye kuyahitaji hiyo ni namna mojawapo ya kupotea.

Diski ngumu na mzigo wa nakala

Mwaka 1983 IBM ilitoa kompyuta iliyokuwa na diski ngumu ya megabaiti 10 ndani yake. Wengi waliona kwamba dhiki imekwisha. Kwa kweli dhiki ilibadilika sura tu. Hapo awali kazi ilitawanyika katika diski laini nyingi, na kuharibika kwa moja hakukugusa nyingine. Sasa kazi yote ya mtu ilikaa katika sahani zinazozunguka kasi ndani ya kijisanduku kimoja, na hitilafu moja iliweza kuifuta yote.

Programu za kompyuta hiyo zilileta amri ya kutengeneza nakala rudufu kwenye diski laini. Hesabu yake yafaa kutazamwa. Ili kunakili megabaiti 10 katika diski za kilobaiti 360, zilihitajika diski 29 hivi, zikiingizwa na kutolewa moja baada ya moja kwa mkono, na kila moja kuandikwa namba. Diski ya 17 ikiharibika, faili zilizokuwamo zilipotea. Si ajabu kwamba watu wengi waliahirisha kazi hiyo. Upungufu haukuwa wa maarifa, bali wa subira.

Waliokuwa na nidhamu waliiga utaratibu wa ofisi kubwa, ambao ulijulikana kwa majina ya ukoo: babu, baba na mwana. Nakala ya leo ni mwana, ya juma lililopita ni baba, ya mwezi uliopita ni babu. Hekima yake ni kwamba kosa halionekani siku linapotendeka. Mwenye nakala moja tu, anayoiandika upya kila siku, huweza kuifuta nakala njema kwa nakala yenye kosa. Anayemhifadhi babu anaweza kuirudia hali ya kabla ya kosa.

Kubana maandishi na upatanisho wa kisarufi

Njia nyingine ya kupambana na uhaba ilikuwa kuyabana maandishi yenyewe. Msingi wake uliwekwa mwaka 1948, Claude Shannon alipochapisha nadharia yake ya mawasiliano na kukadiria kwamba takriban nusu ya Kiingereza cha kawaida ni urudufu. Mwaka 1977 Jacob Ziv na Abraham Lempel walionyesha njia ya kuuondoa: kila mfuatano wa herufi uliokwisha kutokea huachwa, na mahali pake huwekwa kielekezi kinachorudi nyuma ulikotokea.

Mfano wa Kiswahili unalieleza jambo hili waziwazi. Katika sentensi "Vitabu vile viwili vikubwa vimepotea," kiambishi vi- kimetokea mara tano. Kwa mtazamo wa nafasi, mara nne ni ziada. Lakini ziada hiyo ina kazi. Neno moja likimezwa na kelele za sokoni, au likiliwa na mchwa katika hati ya kale, maneno yaliyobaki bado yanaionyesha ngeli ya nomino. Upatanisho wa kisarufi, kwa hiyo, ni nakala rudufu iliyomo ndani ya lugha. Programu ya kubana huiondoa nakala hiyo. Pale ambapo herufi moja iliyoharibika katika maandishi ya kawaida huharibu neno moja, ndani ya maandishi yaliyobanwa huweza kuvuruga yote yanayoielekea.

Programu za namna hiyo zilienea upesi: ARC mwaka 1985, kisha PKZIP ya Phil Katz mwaka 1989. Mwaka 1990 kampuni ya Stac ilitoa Stacker, iliyobana diski nzima bila mtumiaji kuona. Microsoft ilitia uwezo kama huo katika MS-DOS 6.0 mwaka 1993, na mwaka uliofuata baraza la mahakama la Marekani liliamua kwamba hataza za Stac zilikuwa zimeingiliwa, likaitoza Microsoft dola milioni 120. Huo ndio ulikuwa ukubwa wa njaa ya nafasi. Hata hivyo, diski iliyobanwa hivyo ilikuwa kwa hakika faili moja kubwa mno. Watumiaji walilalamika kupoteza kazi, na toleo lililofuata likalazimika kuongezewa ulinzi na programu ya kukagua diski.

Kisa cha mwaka 1998

Mwaka 1998, studio ya Pixar ilipokuwa ikitengeneza filamu ya Toy Story 2, amri iliyotolewa kimakosa ilifuta sehemu kubwa ya kazi. Nakala za studio zilipotazamwa, zilionekana hazifai, kwa kuwa hazikuwa zikijaribiwa. Kilichosaidia ni kompyuta ya nyumbani. Galyn Susman, mmoja wa wakuu wa ufundi wa filamu hiyo, alikuwa amejifungua na akifanya kazi akiwa nyumbani, ambako alikuwa na nakala.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. Kwanza, nakala isiyowahi kujaribiwa haihesabiwi kuwa nakala. Pili, umbali ni sehemu ya uhifadhi.

Hitimisho

Leo diski ya bei ya kawaida huchukua mara laki moja ya ile ya mwaka 1983, na zaidi. Hata hivyo, mvutano haujakwisha, kwa kuwa sauti na picha zimeijaza nafasi iliyopatikana. Kanuni ambayo mpiga picha wa Marekani Peter Krogh aliipa umaarufu inafaa bado: nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na 1 kati yake iwe mbali.

Kwa mtaalamu wa lugha jambo hili si la ufundi tu. Kamusi iliyopotea yaweza kuandikwa upya kwa taabu. Sauti ya mzee aliyerekodiwa akisimulia, kisha akafariki, hairekodiwi mara ya pili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Historia ya kompyuta ya nyumbani inaongeza kwamba daftari nalo lahitaji nakala, na nakala hiyo isilale katika nyumba moja na daftari.