Chuo cha uhandisi: Umma au kibinafsi? Uliza kwanza nani atakitambua cheti

MJI wa Athi River katika Kaunti ya Machakos umezungukwa na viwanda visivyoweza kuendeshwa bila mafundi na wahandisi. Kampuni ya saruji ya East African Portland iliasisiwa 1933. Tume ya Nyama nchini (KMC) iliundwa 1950. Eneo la viwanda vinavyouza bidhaa ng'ambo (EPZ) lilitokana na sheria ya 1990. Si ajabu basi kwamba kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa, wazazi kuanzia Mlolongo hadi Lukenya hujiuliza swali lile lile: kijana anayetaka uhandisi apelekwe chuo cha umma au cha kibinafsi?

Swali lenyewe ni halali, ila huulizwa kabla ya wakati wake. Mwenye chuo, awe serikali, kanisa au mfanyabiashara, si yeye anayemruhusu mhitimu kufanya kazi. Ruhusa hiyo hutolewa na bodi za taaluma, na kila ngazi ya masomo ina bodi yake. Mzazi aliyeuza ng'ombe au kipande cha shamba kulipa karo ana haki ya kujua, kabla ya kutoa shilingi ya kwanza, cheti kitakachotoka kitapelekwa mbele ya nani.

Mkanganyiko huanzia kwenye jina. Humu nchini kila anayeshika spana huitwa "injinia", na hata sisi wa vyumba vya habari hulazimika kuuliza mara mbili kabla ya kulichapisha. Sheria ya Wahandisi ya 2011 hairuhusu mtu kujiita mhandisi bila kusajiliwa na Bodi ya Wahandisi (EBK). Njia ya kufika huko ni shahada ya miaka 5 inayotambuliwa, kusajiliwa kama mhandisi mhitimu, kisha kufanya kazi kwa muda usiopungua miaka 3 kabla ya kutahiniwa na kuwa mhandisi mtaalamu. Mwenye stashahada au astashahada si mhandisi kwa maana hiyo. Yeye ni fundi sanifu au fundi mchundo, na tangu Sheria ya Teknolojia ya Uhandisi ya 2016, bodi yake ni KETRB. Atakayejishughulisha na kuweka nyaya za umeme majumbani huhitaji pia leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA).

Kudhani kwamba jina la chuo cha umma linatosha ni kosa lililowagharimu wengi. Zaidi ya wahitimu 100 wa uhandisi waliosomea katika vyuo vikuu vya umma walikataliwa na iliyokuwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyodai kuwa kozi zao hazikuwa zimeidhinishwa nayo. Walikwenda mahakamani, na kesi ikapanda ngazi kwa ngazi hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi wa kuwapa haki 2018. Walishinda, lakini miaka ambayo kijana angeitumia kujenga taaluma yake ilikuwa imekwisha kupotelea kortini. Tangu wakati huo kumekuwa na mvutano wa kisheria kuhusu nani mwenye mamlaka ya kuidhinisha kozi, bodi za taaluma au Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE). Mwanafunzi hana haja ya kuingia katika ugomvi huo. Inamtosha kuhakikisha kuwa kozi anayoitaka, kwa jina lake kamili, inatambuliwa na pande zote mbili. Nasisitiza kozi, wala si chuo: chuo kimoja chaweza kuwa na uhandisi wa ujenzi unaotambuliwa huku uhandisi wa mitambo ukisubiri.

Kwa wengi wanaosoma ukurasa huu, hata hivyo, shahada si suala la leo. Kuingia chuo kikuu huhitaji alama ya C+ na uhandisi hudai zaidi, hasa katika Hisabati, Fizikia na Kemia. Stashahada hudai C-, astashahada D, na walio chini ya hapo hupokewa katika kozi za ufundi wa mikono. Hapa ndipo penye uamuzi mgumu zaidi, kwa sababu vyuo ni vingi na matangazo yamebandikwa kila nguzo ya stima kandokando ya barabara kuu ya Mombasa.

Chuo chochote cha kiufundi, cha umma au kibinafsi, ni lazima kiwe na leseni ya mamlaka ya TVETA kwa mujibu wa sheria ya 2013. Leseni hiyo pekee haitoshi. Kozi inayofundishwa nayo iwe imeidhinishwa, na mtihani uwe wa chombo kinachotambuliwa: Baraza la Mitihani (KNEC), TVET CDACC, au Halmashauri ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) kwa majaribio ya ufundi ya daraja la 3, la 2 na la 1. Chuo kinachojitungia mtihani, kikausahihisha na kujiandikia cheti chenyewe, kinauza karatasi. Kijana wa Athi River ana bahati kwamba NITA yenyewe ina kituo mjini humo, Kituo cha Ustawishaji wa Teknolojia, ambacho ni mali ya umma. Huko anaweza kuuliza ana kwa ana kabla ya kusajiliwa popote.

Tuje kwenye pesa. Kuanzia 2018 karo ya vyuo vya kiufundi vya umma iliwekwa kuwa Sh56,420 kwa mwaka, serikali ikilipa Sh30,000 na mwanafunzi Sh26,420. Mwaka wa 2023 mpango huo ulibadilishwa kwa wanafunzi wapya. Karo ikatajwa kuwa Sh67,189, na kiasi cha mkopo na ufadhili kikategemea hali ya familia. Ni rahisi kuona kwa nini chuo cha kibinafsi, ambacho hakipati mgao wa aina hiyo, mara nyingi huwa ghali zaidi.

Lakini karo si gharama yote. Shirika la KUCCPS linaweza kumpangia mkazi wa Athi River chuo cha umma kilicho mbali sana na kwao. Tuseme atalipa kodi ya Sh3,000 kwa mwezi. Kwa miezi 9 hiyo ni Sh27,000 kabla ya chakula na nauli. Chuo cha kibinafsi kilicho umbali wa kutembea kwa miguu, kilicho na leseni na mtihani wa kitaifa, kinaweza kuwa nafuu mwishowe. Anayelinganisha karo kwa karo hawezi kuliona hilo.

Vyuo vya umma vina jaribu jingine, nalo ni migomo. Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vikuu wa 2017 ulichukua karibu miezi 2, na ule wa 2025 wiki 7. Mwanafunzi wa kozi ya miaka 5 hawezi kuhesabu miaka 5 kamili.

Kwa upande wa vyuo vya kibinafsi, udhaifu mkubwa uko kwenye karakana. Kufundisha biashara kunataka madawati na mwalimu. Kufundisha umekanika kunataka mashine za kuchonga vyuma, vifaa vya kuchomelea, injini za kufungua na kufunga, na stima ya kuziendesha. Ndiyo sababu ni vyuo vikuu vichache vya kibinafsi nchini vinavyofunza uhandisi katika ngazi ya shahada. Vyuo vya umma navyo visisifiwe kupita kiasi. Serikali ilipoazimia kujenga chuo cha kiufundi katika kila eneobunge, baadhi ya majengo yalikamilika kabla ya vifaa na wakufunzi kufika. Mashine iliyofunikwa turubai haimfundishi mtu, awe amesoma kwa mgao wa serikali au kwa jasho la babake.

Kwa hiyo mzazi na aende chuoni siku ya masomo, wala si siku ya maonyesho. Aombe kuiona karakana. Atazame kama mashine zina mafuta na vumbi la chuma, na kama wanafunzi wamevaa aproni zenye madoa. Aulize wanafunzi wangapi hutumia mashine moja. Awaulize wale wa mwaka wa mwisho, mkuu wa chuo akiwa mbali, ni lini waliigusa mara ya mwisho. Jibu la swali hilo huzidi kijitabu chochote cha rangi.

Jambo la mwisho la kuuliza ni mafunzo ya nyanjani, yaani ile miezi mwanafunzi anayokaa kiwandani. Wakazi wa Athi River hudhani kuwa ujirani na viwanda unawatosha. Si hivyo. Kampuni hutaka barua ya chuo, bima ya ajali na, mara nyingi, mwalimu wa kumfuatilia mwanafunzi. Waajiri hutozwa Sh50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi na NITA kugharimia mafunzo viwandani, na NITA husaidia kuwatafutia wanafunzi nafasi. Chuo chenye afisa wa kushughulikia nafasi hizo kitakuonyesha orodha ya viwanda vilivyowapokea wanafunzi wake mwaka uliopita. Kisicho naye kitamwambia kijana ajitafutie, naye atazunguka kutoka lango hadi lango akiwa na bahasha mkononi, huku muhula ukiyoyoma.