Madai ya Kiwanja cha Maskini

Atokaye Changamwe kuingia kisiwani Mombasa hana budi kupita Kibarani. Ni ukanda mwembamba kando ya maji ya Makupa, na kwa miaka mingi sana shehena za bandari ya Kilindini zimepitia hapo kwenda bara, kwa gari moshi kwanza, kisha kwa malori. Waliozibeba shehena hizo ndio waliodai ujira sawa kwa kazi sawa, bila kujali rangi. Walidai hayo miaka 60 kamili kabla Bunge la Kenya halijayaandika katika Sheria ya Ajira.

Dai hilo lilitamkwa Januari 1947. Tarehe 13 mwezi huo, wafanyakazi wapatao 15,000 waliweka kazi chini: makuli wa bandarini, watu wa reli, wahudumu wa hoteli, hata maboi na wapishi wa majumbani. Mji ulisimama. Kila siku walikutana uwanjani Majengo, mahali walipopaita Kiwanja cha Maskini, wakaunda Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika. Kiongozi wake aliyejulikana zaidi alikuwa Chege Kibachia, kijana aliyesoma katika shule ya Alliance.

Mombasa ilikuwa imegoma kabla ya hapo, mwaka 1939, na tume ya Willan ikaandika juu ya mishahara duni na vyumba vilivyojaa watu kupita kiasi. Lakini mwaka 1947 wagomaji waliongeza jambo zito. Karani au fundi Mwafrika alimwona Mhindi au Mwarabu aliye kando yake akifanya kazi ileile kwa mshahara mkubwa kuliko wake. Waajiri walikuwa na jibu lao: Mwafrika ni kapera mjini, mke na watoto wanalishwa na shamba kijijini, basi apewe kinachomtosha yeye peke yake. Kwa hoja hiyo familia za wafanyakazi zilifutwa kwenye hesabu, na bado serikali iliipokea kwa miaka mingi kama uchumi wa kawaida. Ni mwaka 1954 tu ndipo kamati ya Carpenter iliposema mshahara uweze kutunza familia.

Mgomo ulidumu siku 12. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alikuja kuwasihi watu warudi kazini, na baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker likawaongezea wengi mishahara. Agosti mwaka huohuo Kibachia alikamatwa na kupelekwa kizuizini Kabarnet, mbali kabisa na bahari, akakaa huko karibu miaka 10.

Serikali yenyewe ilikuwa mwajiri wa mfano mbaya. Ripoti ya Tume ya Holmes ya mwaka 1948, kuhusu watumishi wa serikali Afrika Mashariki, ilikubali kwamba asiye Mzungu alipwe sehemu tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu mwenye cheo hichohicho. Ubaguzi ukawa na kiwango chake rasmi. Tume ya Lidbury ilipendekeza mwaka 1954 kanuni hiyo iondolewe.

Baada ya uhuru rangi ilipungua uzito, lakini kabila, jinsia, dini, ulemavu na mimba vilibaki kuwa visingizio. Kenya iliridhia mikataba namba 100 na 111 ya Shirika la Kazi Duniani mwaka 2001, na sheria ya nchi ikafuata mwaka 2007. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinamkataza mwajiri kubagua kwa misingi hiyo yote, pamoja na lugha na hali ya virusi vya ukimwi. Kinamlinda hata anayeomba kazi. Kinaagiza malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Kisha kuna jambo ambalo waajiri wengi hushtuka kulisikia mahakamani: mfanyakazi akilalamika, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua. Asiye na kumbukumbu za maandishi za namna alivyoajiri, alivyopandisha vyeo na alivyolipa, atathibitisha kwa kitu gani? Mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa pia kuwa na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono.

Hapa Kibarani inarudi katika historia hii. Kwa miaka mingi ilikuwa jaa la taka la Mombasa, na watu waliishi kwa kuokota plastiki na vyuma, hadi jaa lilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 2010 na bustani kuoteshwa mahali pake. Waokota taka hawakuwa na mkataba wala mwajiri wa kushtakiwa, kwa hiyo kifungu cha 5 hakikuwafikia. Kibarua wa bandarini wa zama za Kibachia angeijua hali hiyo mara moja: kuajiriwa leo, kuachwa kesho, na kukosa pa kulalamikia.

Kwa vibarua walio na bosi, sheria ina dawa. Kifungu cha 37 kinasema aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Wenye maghala, malori na kampuni za kuzoa taka Mombasa wanapaswa kuwaandikia vibarua wao mikataba sasa, bila kungoja waitwe mahakamani.