Namba Kwenye Tarbushi

Huku Hewani, kando ya Mto Tana, jirani na Garsen, polisi akipita ni "Habari, afande?" Hata anayemchukia huanza hivyo. Watu wengi hudhani neno hili tuliachiwa na Mwingereza. Asili yake ni Kituruki, efendi, yaani bwana, na lilitufikia kupitia wanajeshi wa Misri na Sudan. Kofia yao ilikuja nalo: tarbushi nyekundu.

Mwaka 1902 Waingereza walipounda King's African Rifles, jeshi ambalo wazee waliliita Keya, tarbushi ilikuwa imeshazoeleka. Kabla ya vita vya 1914, askari wa Keya alivaa sweta ya buluu, kaptula ya kaki na tarbushi. Miguuni alikuwa na ndala, au peku kabisa. Kwenye tarbushi palikuwa na namba ya kikosi chake. Vikosi vingine viliandika kwa tarakimu za Kirumi. Vile vilivyoajiri sehemu za Waislamu wengi viliandika kwa tarakimu za Kiarabu.

Hapo ndipo mimi hukwama kila nikisoma habari hizi. Kuruta aliyepitia chuoni, nina maana chuo cha Kurani, si kile nilichokiacha mimi, angeweza kuisoma namba ile hata kama Kiingereza hakijui. Mkoloni alichukua maandishi aliyofundishwa mtoto na mwalimu wake, akayabandika kwenye paji la uso kuonyesha mtu ni mali ya kikosi gani. Ni heshima, na ni alama ya mwenye mali. Zote mbili kwa pamoja.

Cheo nacho kilikuwa na dari. Idi Amin alipofanywa effendi mwaka 1959, Mwafrika hakuwa na pa kupanda zaidi katika jeshi hilo. Neno lililomaanisha bwana lilipewa mtu ambaye bado alikuwa chini ya mabwana wengine.

Uhuru ulipofika Desemba 1963, vikosi vilibadilishwa jina vikawa Kenya Rifles, lakini namba zikabaki. Mwezi mmodi tu baadaye, Januari 1964, askari wa 11 Kenya Rifles waliasi kambini Lanet. Walitaka mishahara bora, na walichoka kuona maafisa Waingereza bado wako juu yao. Serikali ikaita wanajeshi wa Uingereza kuwazima, kisha kikosi kikavunjwa. Namba 11 ikafutwa. Waliokuwa wakiivaa wakajikuta hawana kikosi.

Leo kijana wa Tana akichukuliwa jeshini hupelekwa Eldoret kufunzwa ukuruta. Tepe ya kwanza atasubiri. Siku akirudi nyumbani na sare, kijiji kizima kitamwita afande, naye atatabasamu. Mimi pia nitamwita hivyo. Ila nitamkumbusha kwamba beji hiyo kashonewa na mtu, na mshono hufumuliwa.